Jiko la mkaa litoke chumbani leo leo

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia baridi, na ni haki yake, Julai ndio hii. Mie mwenyewe ni mtoto wa Tanga, nimeolewa huku Makete, mkoa wa Njombe, huu mwaka wa 19, nilishuka kwenye basi na ndala na doti mbili za khanga, kwahiyo mnaposema mnakufa na baridi siwacheki. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu na mtaona kwanini.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ajira mpya, nimepangiwa huku Makete tangu mwezi wa nne nikitokea Muheza, nipo na mke wangu na mtoto wa miezi mitano. Mwezi wa nne na wa tano tulijikaza ila kuanzia Juni hali imekuwa nyingine, nyumba tuliyopewa ni tofali za kuchoma na bati tupu haina siling, pale ukuta unapokutana na bati kuna mwanya mkono mzima unapita, sakafu ya saruji imepasuka, maji ya kwenye ndoo asubuhi ukinawa ni kama umeng'atwa. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga dirisha, chini ya mlango tunaziba na gunia, linakaa mpaka lizime lenyewe. Angalau tunalala lakini tunaamka vichwa vinagonga, juzi mke wangu alitapika tukadhani ni mimba tena, tukitoka nje tukakaa kidogo inaisha. Mtoto nae asubuhi anakuwa mnyonge hanyonyi vizuri. Swali langu, je mwili utaizoea hii baridi au niandike barua ya uhamisho? Na mtoto tumfunikeje maana tunamrundikia mablanketi matatu na bado mikono yake ya baridi. Mwalimu Mgeni.

Marahaba mwanangu. Uhamisho tutauzungumza huko chini. Sasa hivi acha kusoma, nenda katoe hilo jiko, kisha urudi.

Umetoa? Haya. Hicho kichwa kinachogonga asubuhi na kupoa ukitoka nje sio baridi, na huko kutapika kwa mkeo msikimbilie kusema mimba. Mkaa unapoungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikereketi koo wala haitoi machozi kama moshi, ndio maana watu hawaiogopi. Ikiingia mwilini inanasa kwenye damu, kwenye kile kinachobeba oksijeni, na inanasa kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni yenyewe, kwahiyo unavuta pumzi kama kawaida lakini damu inazunguka mikono mitupu. Kinaanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, halafu usingizi mzito, na katika usingizi huo watu hawaamki. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa asubuhi mlango umefungwa kwa ndani, jiko katikati ya chumba, na majirani wanaanza kutafuta mchawi.

Najua utaambiwa nini kwasababu na mie niliambiwa. Kwamba mkaa ukishashika vizuri ukawa mwekundu hauna madhara, mbaya ni ule unaotoa moshi. Uongo, moshi na hii hewa ni vitu viwili tofauti, makaa mekundu yasiyo na chembe ya moshi yanaitoa, na yale yaliyofunikwa na jivu yanapumua kidogo kidogo yanaitoa vilevile. Kwamba weka sufuria ya maji au kitunguu pembeni kinanyonya sumu. Hakinyonyi chochote, utakufa na kitunguu chako pembeni. Kwamba acha dirisha wazi kidogo, hapo mwanangu unacheza kamari, upepo wa huku unageuka usiku mara ngapi na wewe umelala?

Kesho mpeleke mkeo na mtoto kituo cha afya, na wewe ujipime, na mkifika msiseme tu kichwa kinauma maana mtapimwa malaria mtarudishwa na panadol, semeni tumekuwa tukilala na jiko la mkaa chumbani. Hilo neno ndio litamfanya daktari ajue anatafuta nini. Mtoto mchanga na mama mjamzito hii hewa inawawahi kuliko sisi. Na ikitokea siku umemkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwanza, maswali baadae, halafu hospitali hata kama amezinduka.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Ukitoka usawa wa bahari kila unapopanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita na nusu hivi, na sisi huku tuko zaidi ya mita 2,000, kwahiyo piga hesabu mwenyewe wewe si ni mwalimu. Ongeza na kwamba Juni mpaka Agosti ni kipupwe na usiku mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, ardhi inapoteza joto lake lote kuelekea juu, asubuhi unakuta nyasi zimeganda zimekuwa nyeupe, kamusi zinaita sakitu, huku wenyewe wanasema barafu imedondoka. Na hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni, ndio maana wazee wa huku hawajengi chini kabisa ya bonde, wamejenga ubavuni mwa mlima. Kama shule yenu iko bondeni basi mmepewa baridi ya nyongeza.

Bati lako linafanya hivohivo, usiku linatema joto lote juu, na pumzi zenu zikigusa bati zinageuka maji, alfajiri yanakudondokea usoni unadhani mvua. Dawa ni siling, sio lazima siling bodi, mshahara wenyewe naujua. Nunua mifuko ya salfeti iliyotumika, ile ya mahindi au ya mbolea, ioshe, ifumue, ishone kwa sindano ya gunia iwe shuka moja kubwa, itandaze chini ya kenchi uipigilie na vijiti. Hewa inayobaki kati ya salfeti na bati ndio blanketi la nyumba. Sisi tulikaa na siling ya salfeti miaka sita na wageni walikuwa wanakaa wanasoma maandishi ya mbolea juu ya vichwa vyao. Ule mwanya wa ukutani uzibe na udongo na vipande vya tofali, ila usizibe wote, acha matundu mawili matatu ya ngumi upande ambao upepo haupigi, maana nyumba isiyopumua itawaotea ukungu ukutani na mtoto ataanza kukohoa.

Halafu kitanda. Hapa ndio watu wa pwani tunakosea wote, tunarundika mablanketi juu wakati baridi inatokea chini. Godoro la inchi nne baridi inapita kama hamna kitu, na kama mnalala chini kwenye saruji ndio kabisa. Tandika maboksi, yale makubwa ya dukani, yafungue yalale mawili mawili, juu yake busati au mkeka, ndio godoro, halafu blanketi moja liwe chini yenu sio juu. Utaona tofauti usiku uleule. Msilale na nguo mlizoshinda nazo, zina unyevu wa jasho hata kama huuoni, badilisheni, soksi kavu, kofia ya sufu kichwani usione aibu hakuna anaewaona.

Na joto la kuingia nalo kitandani mnalitoa jikoni, mnaota moto hukohuko jikoni mpaka miili ishike, halafu mnachukua kidumu cha lita tatu au ule mpira wa kuwekea maji ya moto, mnajaza, mnafunga kifuniko sawasawa, mnaviringisha na khanga nzito, kinakaa miguuni. Kabla ya kumlaza mtoto kitoe upande wake, ngozi yake inaungua haraka na hawezi kusogea.

Mtoto mwenyewe, punguza hayo mablanketi matatu. Mwache avae, fulana ya pamba ndani, juu yake nguo ya mikono mirefu, sweta, soksi, halafu blanketi moja jepesi lisilofika usoni, mikono nje. Mikono ya mtoto mchanga huwa ya baridi tu usiitumie kama kipimo, ingiza vidole shingoni kwa nyuma au kifuani, pakiwa na joto na pakavu mtoto yuko sawa, pakiwa na jasho umemzidishia. Mchana mama yake amvue ampakate kifua kwa kifua wajifunike wote wawili, hakuna jiko linaloshinda hilo.

Mwili kuzoea, ndio utazoea kiasi, mwaka wa pili utakuta unavaa sweta moja pale ulipokuwa unavaa mawili. Uhamisho siwezi kukukataza, ila kama utaweza subiri umalize mvua moja hapa, kuanzia Disemba panda Kitulo ambako ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ukaone yale maua, wenyewe wanaita Bustani ya Mungu na hawajatia chumvi. Ukishaona halafu bado unataka kuondoka, andika barua yako.

Mama shikamoo, nimeolewa Njombe vijijini nikitokea Dar, tunakaa na wakwe. Mama mkwe anasema najidai kwasababu nikimaliza kupika naenda sebuleni kukaa na simu, wao wote wanakaa kwenye jiko la kuni mpaka saa nne usiku, macho yananiwasha nanuka moshi mpaka nywele. Pia anasema sijui kupika maharage, kwakweli yananishinda, nachemsha nusu siku bado magumu. Mume wangu hasemi kitu. Mkwe wa Mjini.

Marahaba mwanangu. Mumeo hasemi kitu kwasababu nae yuko hukohuko jikoni anaota moto.

Huku jikoni sio mahali pa kupikia tu, ndio sebule, hiyo sebule yenye makochi na vitambaa ni ya mgeni na picha za harusi. Moto ni mmoja kwenye nyumba na watu wanaenda ulipo, hapo ndio habari zote za ukoo zinapozungumzwa, nani anauza shamba la miti, nani binti yake anachumbiwa, na wewe ukiondoka wanaona umewaondoka wao. Mwaka wangu wa kwanza nilikuja na chupa ya mafuta ya nazi kutoka nyumbani, asubuhi nikaikuta imekuwa nyeupe imeganda kama mshumaa nikajua yameharibika nikataka kuyatupa, mama mkwe akaninyang'anya akaiweka pembeni ya mafiga, baada ya muda yakawa maji, akanimiminia kiganjani bila kusema kitu. Mafuta ya nazi yanaganda kuanzia nyuzi 24 hivi kushuka chini, pwani huwezi kujua hilo. Toka siku ile nikawa nakaa palepale karibu na mafiga, na koti lililokuwa la marehemu baba mkwe nikapewa siku ya tatu, bado ninalo.

Kwahiyo kaa nao, hata saa moja tu. Lakini moshi usiuvumilie kwa heshima, moshi wa kuni kila siku unaumiza mapafu ya wote na yeye mama kikohozi chake cha asubuhi bila shaka unakisikia. Angalia kuni kwanza. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, moto unafanya kazi ya kuchemsha maji ya ndani ya kuni kabla ya kuchemsha chungu chako, ndio moshi wote ule. Kuni zipasuliwe ndogo mapema, zipangwe chini ya paa zikiachiana nafasi upepo upite, miezi sita hivi. Msindano unawaka haraka una utomvu unaacha masizi, wa kuwashia tu, muwati ndio kuni, unakaa na makaa yake yana nguvu. Halafu mwambie mumeo, huyo asiesema kitu, atafute fundi wa jiko banifu la matofali lenye bomba la kutolea moshi nje, msiwaze kubomoa mafiga ya mama, mjengeeni pembeni aone mwenyewe. Asubuhi mwamkie yeye kwanza kwa kilugha, hiyo "kamwene" yako hata ikitoka imepinda itakufikisha mbali.

Maharage sio kosa lako. Mlimani hewa ni nyepesi kwahiyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, Dar yanachemka kwenye nyuzi 100, ukiwa mita 2,000 yanachemka kwenye 93 hivi, na hata uchochee kuni za kijiji kizima hayapandi zaidi ya hapo. Loweka tangu jioni, asubuhi mwaga maji, anza kupika na maji mapya, chumvi na nyanya viingie maharage yakishalainika maana nyanya inayachelewesha, funika sufuria weka jiwe juu. Ukipata presha kuka umemaliza kesi, inabana mvuke ndani maji yanapanda moto kuliko hata ya Dar. Mpikie mama mkwe siku hiyo halafu usijisifu.

Habari mama, mimi naandika kutoka Kinangop, Kenya, nililelewa Mombasa. Huku Julai jua halionekani wiki nzima. Gesi ikifika nusu mtungi moto unakuwa mdogo sana asubuhi, jirani ananiambia niuweke mtungi karibu na jiko la makaa upate joto. Na nguo nikifua Jumatatu mpaka Alhamisi hazijakauka, zinanuka. Mama Watoto.

Usithubutu, mtungi na moto havikai pamoja hata dakika moja, jirani yako anakupenda lakini anakuua. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji na inageuka hewa kwa joto la hapo ulipo, baridi ikizidi inageuka polepole, presha inashuka, moto unanywea. Na kadri unavotumia mtungi wenyewe unazidi kupoa, ndio maana ukiwa nusu tabu inaonekana zaidi. Usiuweke kwenye saruji tupu, weka juu ya ubao, mahali pakavu penye hewa ambapo upepo wa usiku haupigi moja kwa moja, na chai ya asubuhi ichemshie jioni uitie kwenye thermos. Basi.

Nguo, fua kidogo kidogo usisubiri rundo. Kamua watu wawili, mmoja huku mmoja kule, anika chini ya paa penye upepo hata kama hakuna jua, upepo unakausha kuliko jua la ukungu. Zile nzito kama jinzi geuza nje ndani. Ukianika chumba cha kulala unyevu wote wa zile nguo mtaulalia nyie, bora jikoni zikinukia moshi.

Mama naomba usitaje jina langu wala kijiji. Tuko Makete. Mume wangu kila jioni anaenda kunywa, nikimuuliza anasema bila ulanzi kidogo baridi itamuua, kwamba wazee wote walikuwa wanapasha mwili kwa ulanzi. Juzi kalala nje ya mlango mpaka saa kumi alfajiri, nimemkuta anatetemeka. Ni kweli pombe inaleta joto?

Inaleta kuhisi joto, joto lenyewe inalitoa. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, uso unawaka anajisikia mwanaume, kumbe lile joto la tumboni na kifuani linapotelea hewani, na mwili unaacha hata kutetemeka kama inavotakiwa. Mlevi aliyelala nje usiku wa Julai anaweza asiamke, na huyo wako kutetemeka kwake ni bahati. Akirudi amelewa aingie ndani, avuliwe nguo mbichi, afunikwe na kichwa, apewe uji wa moto kama anaweza kumeza mwenyewe, usimsugue wala usimkalishe juu ya moto. Akiwa haeleweki anachosema, au ameacha kutetemeka na bado ni wa baridi, ita majirani mpeleke kituo cha afya usikuuleule.

Sasa kuhusu ulanzi. Mwanangu, ulanzi unagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, chipukizi likiwa changa, ikifika mwezi wa sita mianzi imeshakauka na mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, zimetundikwa. Tuko Julai. Kamuulize vizuri anakunywa nini, na kwa nani.